Nguvu za misuli ya sakafu ya nyonga: vidole, kifaa cha shinikizo au dainamomita?

Zawadi, South B: Wenzangu, salaam. Katika kliniki yetu tunawapima kina mama wanaovujwa na mkojo nguvu za misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu na uke kutoka chini. Tunapima kwa vidole ndani ya uke, kisha tunatoa alama za Oxford zilizorekebishwa, kuanzia 0 (misuli haibani kabisa) hadi 5 (inabana kwa nguvu sana). Sasa tumepata fedha za kununua kifaa kimoja tu. Kipi kitatoa jibu lile lile mama akipimwa tena, au akipimwa na mtu mwingine?

Otieno_Kasarani: Dada Zawadi, usiviache vidole, kwa kuwa ndivyo vinavyokujulisha kama misuli inabana na kuinuka, na kama upande mmoja umelegea kuliko mwingine. Udhaifu uko kwenye alama. Mwaka 2001 watafiti Bø na Finckenhagen waliwapima wanawake 20, na wapimaji wawili wakaafikiana kwa 9 pekee. Mpaka kati ya 3 na 4 unategemea sana mkono wa mpimaji.

Mkunga wa Umoja: Mimi ningenunua kifaa cha shinikizo, kinachoingizwa ukeni na kupima jinsi misuli inavyokibana, cha aina ile aliyoieleza daktari Arnold Kegel mwaka 1948. Vingi vya siku hizi husoma kwa sentimita za maji, na kifaa kikitumiwa kwa utaratibu mmoja majibu yake hurudiana vizuri. Ila kifaa hakijui shinikizo limetoka wapi: mama akikaza tumbo na kusukuma chini, namba hupanda vilevile. Kwa hiyo tazama msamba wakati anabana. Usipovutwa ndani, usiandike namba hiyo. Pia usilinganishe vifaa vya kampuni tofauti, maana ukubwa wa sehemu inayoingia ukeni hubadilisha namba.

Mama Neema: Samahanini wataalamu, mimi ni mgonjwa tu. Mara ya kwanza nilipimwa nikiwa nimelala, mara ya pili nimesimama na kwa mtu mwingine, nikaambiwa nimerudi nyuma. Nilivunjika moyo, kwa sababu mazoezi nilikuwa nayafanya kila siku. Je, ni kweli nimedhoofika?

Otieno_Kasarani: Pole sana, Mama Neema. Vipimo hivyo viwili havilinganishwi, kwani mkao ulibadilika na mpimaji akabadilika, kwa hiyo haviwezi kuthibitisha kwamba umedhoofika. Usiache mazoezi. Omba upimwe tena na yule wa kwanza, katika mkao ule ule, ukiwa umekojoa kabla.

Dkt. Halima, Eastleigh: Dainamomita ndiyo inayopima nguvu yenyewe, kwa nyutoni, lakini si rahisi kuipata, na kiasi inavyofunguliwa ndani ya uke hubadilisha jibu. Ultrasaundi kupitia msamba huonyesha waziwazi shingo ya kibofu ikiinuka, na mama mwenyewe anaweza kuiona kwenye skrini. Hata hivyo inapima mwendo, si nguvu. Elektromayografia husoma umeme wa misuli, na ile ya jirani huingilia. Zawadi, nunua cha shinikizo, lakini kila mama aanze kwa vidole. Katika faili lake andika mkao, jina la mpimaji, maneno uliyomwelekeza nayo na aina ya kifaa, ili atakayempima baadaye afuate hayo hayo.