Mrejesho: Kadi ya njano ya mama ya mwaka 2009

Wakuu, niliwauliza kama mama, anayetoka huku Dodoma kwenda Uganda kumwona dada, ni lazima achanjwe tena homa ya manjano, maana kadi yake ya chanjo ya 2009 imeandikwa mwisho 2019.

Hahitaji. Muuguzi aliisogeza kadi dirishani, muhuri umefifia sana, akasoma tarehe na sahihi, akasema inatosha. Tangu 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua chanjo hiyo kwa maisha yote, hata kwenye kadi za zamani.

Kilichonifurahisha zaidi ni sababu yenyewe. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwili unapigana kweli: unatengeneza kingamwili (protini za kupambana na virusi), na seli T (aina ya seli za kinga) zinazobaki na kumbukumbu ya virusi hivyo. Watafiti wamezikuta seli hizo kwenye damu za watu miongo kadhaa baada ya dozi moja tu!

Ila aliyechanjwa akiwa mjamzito, au anayeishi na VVU, amwone daktari kwanza. Huenda akahitaji kurudia. Hilo naomba msilipuuze.

Mama anasafiri wiki ijayo. Asanteni sana, hasa mliosisitiza tusiitupe kadi ya zamani.