Fomu ya chumba imerudishwa, na namna ya kuinadi kampeni ya twiga

Bint Mkomani, Leicester

Assalam alaykum jamaa wa Lamu na Malindi,

Fomu ya kukodi chumba imerudi tena. Kwenye 4b, aina ya shughuli, niliandika: "mchezo wa kuigiza mezani, wachezaji sita, dadu, majini wa magofu ya Gedi." Ofisi imezungushia duara "dadu" na "majini", pembeni wakaandika: kamari? ibada? Sasa wanataka RA mpya (tathmini ya hatari), PLI ya kikundi (bima ya madhara kwa watu wengine), na DBS (uchunguzi wa rekodi ya jinai) kwa kuwa wachezaji wawili hawajafika miaka 18. DBS ninayo. PLI imekwisha muda. Niandike nini 4b ili ipite?

La pili, hao vijana wenyewe hawajakubali kampeni yoyote, yaani hadithi ya kuigizwa mezani. Niliwapelekea hizi kwenye WhatsApp, kimya:

1. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China. Wakati huo miji ya pwani ilikuwa na biashara kubwa na Uajemi, Bara Hindi na Arabuni, na masultani wake walishindana...
2. Mtepe ni chombo cha kushonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari hata mmoja. Kampeni itafuata mtepe wa karne ya 19 unaobeba boriti kutoka Lamu hadi Basra...
3. Vita vya Shela vya 1812 vilitokana na uhasama wa muda mrefu kati ya Lamu kwa upande mmoja, Pate na Mazrui wa Mombasa kwa upande wa pili...

Kila moja ina ukurasa mzima. Kosa liko wapi?

Serehangi, Oslo

Waalaykum salaam dadangu. Ofisi za Leicester sizijui. Nitajibu la pili.

Hayo uliyowapelekea ni dibaji, mnada bado, yaani maneno ya kumvuta mchezaji aingie. Hakuna sentensi hata moja inayomwambia mchezaji atafanya nini Jumamosi usiku. Mtu akiletewa wazo geni anataka kujua mambo manne: mimi ni nani, nafanya nini, nini kinanizuia, itanila muda gani. Yajibu yote kwa maneno 60 hivi, halafu umalize kwa swali ambalo jibu lake ni kuchagua nafasi, si ndiyo au hapana. Historia iweke karatasi ya pili, atakayeitaka ataiomba.

Twiga huyo huyo, hivi:

"Mmekabidhiwa twiga mchanga, afike hai kwa mfalme wa China. Yeye hajui bahari, na ninyi hamjui twiga. Maji ni haba, kila bandari ina mtu anayemtaka, na mwenye chombo hajaambiwa ukweli wote. Vikao 5, saa 3 kila kimoja. Vita ni vichache, maamuzi ni mengi. Nani ashike usukani, nani alale na mnyama, nani aongee na wakubwa?"

Pia uwe na kitu cha kuweka mezani. Chora kadi yenye vipimo vitatu: maji, majani, utulivu. Kila kimoja kianze na 6. Kila siku 3 za baharini, maji na majani hushuka 1. Dhoruba hushusha utulivu 1 au 2. Utulivu ukifika 0 mnyama anapiga mateke, na hapo ama ubao unaachia ama baharia anavunjika mguu, wachezaji wachague. Twiga mzima anaweza kula zaidi ya kilo 30 za majani kwa siku, ndiyo maana awe mchanga, na ndiyo maana kila mara mtatia nanga kutafuta majani. Kila nanga ni kikao kimoja. Mwanzoni kabisa waonyeshe meli za Zheng He, amiri wa China, zimejaa bandarini Malindi, wataingia wenyewe.

Mwana wa Langoni, Toronto

Serehangi, mnada wako mzuri, lakini usiwapotoshe watoto. Safari ya Zheng He inayotajwa kufika Malindi ni ya tano, 1417 hadi 1419. Ukitaka meli zake bandarini, sogeza kampeni mbele ziwe zinawarudisha wajumbe wa Malindi kutoka China. Ukitaka 1415, watume kwa vyombo vya wafanyabiashara na wabadilishe chombo njiani. Mimi ningechukua hiyo ya pili, kwa sababu kumhamisha twiga kutoka chombo hadi chombo ni kikao kizima.

Hesabu yako nayo ina shimo ambalo labda hukuliona. Vipimo 6 mara siku 3 ni siku 18. Vasco da Gama alipoondoka Malindi 1498 kwenda Calicut, Bara Hindi, alitumia zaidi ya siku 20, tena ana rubani aliyempata hapo hapo Malindi. Maana yake wakikata bahari moja kwa moja, maji yatakwisha kabla ya nchi kavu. Usilizibe shimo hilo! Waambie wachezaji siku ya kwanza, wachague: kukata bahari na kugawa maji kwa kikombe, au kuambaa na pwani hadi Arabuni na kukutana na kila mtoza ushuru.

Bint Mkomani, na wewe, mtepe kwenda Basra karne ya 19? Mtepe ulikuwa wa mwambao: Lamu, Mombasa, Unguja. Boriti za Arabuni zilibebwa na majahazi na mabumu. Chagua chombo au chagua safari. Ukichagua mtepe, mzigo upimwe kwa korija, boriti 20 kila moja, na kila zamu mtu mmoja lazima afute maji chomboni, maana unavuja kwenye mishono. Mchezaji huyo hafanyi jambo lingine zamu hiyo. Kanuni hiyo moja inatosha kuwafanya wagombane.

Kete na Komwe, Dubai

Kuhusu dadu, kwa nini mng'ang'anie? Kwa wageni wa mchezo huu dadu mbili za ludo zinatosha. 10 na kuendelea umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kushuka mambo yameharibika. Kati ya njia 36 za dadu mbili kuanguka, 6 ni za kufaulu kabisa, 15 za gharama, 15 za kuharibika. Dadu ya pande 20 haina katikati ya namna hiyo, ni kupata au kukosa, na mgeni akikosa mara tatu mfululizo hachezi tena.

Kama dadu zinaleta maneno, hesabu hiyo hiyo inaingia kwenye mfuko wa komwe 12. Tia alama nyekundu 2, nyeupe 5, 5 ziache zilivyo. 2 kwa 12 ni sawa na 6 kwa 36, na 5 kwa 12 ni sawa na 15 kwa 36, hakuna tofauti yoyote. Mwenye ujuzi wa jambo hilo hutoa moja isiyo na alama akatia nyekundu, zikawa 3, 5, 4. Anayefanya jambo la hatari hufanya kinyume chake.

Mambo mawili huharibu mfuko. Kwanza, rangi ya kucha: inaacha uvimbe, na kijana mjanja anausikia kwa kidole. Tumia kalamu ya wino usiofutika na komwe za ukubwa mmoja. Pili, kusahau kurudisha. Komwe iliyotolewa irudi mfukoni kabla ya mwingine kuchovya mkono, la sivyo hesabu yote imelala. Ila kwenye kikao cha dhoruba usizirudishe kwa makusudi. Mfuko ukibaki na komwe nne kila mtu anajua zilizobaki ni zipi, na hapo ndipo watu wanapoanza kuongea kwa sauti ya chini.

Maalim, Malindi

Kete, hilo la komwe zuri, na wazee wengi watalipokea kuliko dadu. Lakini msigeuze mada hii kuwa darasa la nard, ule mchezo wa kale wa dadu. Wanaoichukia dadu wana hoja yao, wanaoiona sawa pasipo pesa wana yao. Mwenye kunadi aandike mapema anatumia nini, mzazi aamue nyumbani. Ni mstari mmoja tu kwenye tangazo: "hakuna pesa, hakuna dau, tunatumia mfuko wa komwe."

Na majini wa Gedi, ndugu zangu, yaondoeni kwenye tangazo hata kama yatabaki kwenye mchezo. Gedi ina visima, kasri, misikiti na msitu ulioufunika mji. Mtu aliyepewa taa na kamba ashuke kisimani hahitaji jini ili aogope.

Mama Shela, Lamu

Nyinyi wa ng'ambo muna raha, kuuza safari za boriti bila kutaja nani alizikata na nani alizipakia! Wanangu, kampeni ya Lamu ya karne ya 19 ina watumwa ndani yake. Lisemwe kwenye tangazo lenyewe, lisingojee kikao cha tatu. Andikeni: "utumwa upo katika ulimwengu huu, hakuna mchezaji atakayekuwa mwenye watumwa, mateso hayaigizwi, yatatajwa tu." Halafu kikao sifuri, kabla ya kutengeneza wahusika, kila mtu aandike kwenye kikaratasi bila jina jambo asilotaka lionekane kabisa na jambo linaloweza kupita nyuma ya pazia. Msimulizi avisome vyote kwa sauti moja. Kadi ya X ikae katikati ya meza, anayeigusa tukio linarukwa, na haulizwi kwa nini.

La pili, msitumie majina ya koo. Adui akipewa ukoo wa watu wanaosalimiana kila asubuhi Usita wa Mui, barabara kuu ya Lamu, maneno yatafika huku kabla kikao hakijaisha. Zena na Suudi, yale makundi mawili ya zamani ya Lamu, hivyo hivyo. Tungeni majina yenu.

Kwa Vita vya Shela, mnada mzuri hauanzii kwa majemadari. Husimuliwa kwamba Wapate na Mazrui waliokuja kushambulia walirudishwa nyuma hadi ufukweni, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Basi nadini hivi: "Jeshi limeshuka. Ninyi mmeachwa kulinda vyombo. Maji yanakupwa, na amri ya kuvisogeza haijafika." Kikao kimoja, wachezaji wanne. Wekeni vijiti 6 mezani, kila dakika 20 toeni kimoja, kwa sababu maji huchukua saa 6 na dakika kidogo kutoka kujaa hadi kupwa, na kila kijiti ni kama saa moja ya maji. Kijiti cha mwisho kikitoka, vyombo haviondoki tena. Vijana wanaosema hawana nafasi ya vikao 5 wataingia hapa.

Msimulizi asisimamishe saa wakati wachezaji wanabishana. Wengi husimamisha kwa huruma, mchezo ukafa papo hapo.

Mvuvi wa Pate, Birmingham

Mama Shela, shikamoo. Kwa hiyo Wapate ndio waliokwama mchangani, na mtoto wa Pate anunue tiketi aje kucheza kushindwa kwa babu zake?

Mama Shela, Lamu

Marahaba. Hakuna tiketi. Na walinzi wa vyombo ndio wenye uamuzi katika mchezo, wakiokoa hata vyombo viwili wameshinda. Soma tena.

Mvuvi wa Pate, Birmingham

Nimesoma. Mimi nina wazo geni kuliko yenu yote, na halina panga. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Nadini hili: "Ninyi ni wavuvi watano wa kisiwa kimoja. Eneo lenu la kuvulia limechimbwa. Adui hana sura, ana madirisha saba." Kila dirisha lina karani, kila karani anataka karatasi inayotolewa na dirisha jingine. Vipimo viwili: nauli na subira. Wachezaji huanza na nauli ya kuvuka Mokowe mara 8. Kikiisha kipimo kimoja mnakopa, na anayekopesha ananunua ardhi ufukweni.

Mwana wa Langoni, Toronto

Hiyo si kampeni, hiyo ni Jumatatu.

Lakini ardhi ya ufukweni umeigusa. Shela ya leo nani aliiuza? Tusiwasingizie Wazungu peke yao.

Mama Shela, Lamu

Mwanangu, aliyeko Toronto asiulize nani aliuza. Nani alikuwa hapa kununua mafuta ya boti?

Maalim, Malindi

Ya ardhi fungueni mada yake. Kampeni ya madirisha naiona ina uhai, ila ina hatari moja: wachezaji hawatajua wakati wa kusonga mbele. Kila dirisha lipe njia tatu za kupita, na uzitaje waziwazi: karatasi sahihi, mtu anayemjua karani, au kelele mbele ya watu. Njia ya tatu ipandishe gharama ya dirisha linalofuata. Bila hivyo watakaa dirisha la kwanza usiku mzima.

Bint Mkomani, Leicester

Shukran nyote. Nimefupisha twiga na Shela, na nimeongeza madirisha badala ya mtepe. 4b bado ni tupu na fomu inatakiwa Ijumaa, kuna mtu wa Uingereza aliyepitisha mchezo kama huu? Na nikipata kura mbili mbili kwa kila wazo nifanyeje?

Serehangi, Oslo

Usihesabu kura za kupenda. Waambie kila mmoja aandike mbele ya kila wazo: nipo, naweza, au sitaki. "Sitaki" moja inaliangusha wazo, hata kama watano wengine wamelipenda, kwa sababu huyo mmoja ataacha kuja kikao cha tatu na meza itavunjika. Katika yaliyobaki chukua lenye "nipo" nyingi. Kama hakuna lililobaki, usibembeleze, leta mengine matatu. Usilete zaidi ya matatu kwa mara moja, watu huacha kusoma. Na tuma maandishi. Ujumbe wa sauti wa dakika sita hausikilizwi na mtu chini ya miaka 40.

Kama utaongeza wa mtandaoni walioko Lamu, taja saa vizuri. Saa 2 usiku ya Lamu ni saa 12 jioni Leicester wakati wa kiangazi, na saa 11 wakati wa baridi. Ramadhani saa hiyo isiguswe, watu wako tarawehe.

Mwana wa Langoni, Toronto

Na Toronto ni saa 7 mchana kiangazi, saa 6 baridi. Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, huku kwetu Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo katikati yupo mtu atakayeingia saa nzima kabla au baada ya wenzake. Tangazo litaje saa ya Afrika Mashariki peke yake, kila mtu ajihesabie, na wiki hiyo ahirisheni.