WAMENIFUNGIA KUUZA HALAFU WAKANIRUSHIA MAPUTO

Nyundo ya Mwisho (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Mnawajua. Siwataji, nikiwataja mods wataufuta uzi kabla sijamaliza kutukana. Wale wale wa mnada wa mtandaoni. Wale ambao siku ya kufungua akaunti wanakubembeleza utadhani wewe ndiye utakayewalipia pango.

Nina stoo imejaa vikorokoro: kamera za filamu, lenzi, redio, saa za ukutani, majalada ya santuri. Nikasema nisafishe. Nikafungua akaunti ya muuzaji binafsi. Wakataka kitambulisho, nikatuma. Wakataka uso, nikageuza shingo kushoto, kulia, juu, chini, mpaka shingo ikalia. Wakataka akaunti ya benki, nikawapa. Bado kipimo cha damu tu.

Naanza kupandisha vitu, vinaondoka. Kamera moja watu wawili wameigombania mpaka sekunde ya mwisho, wanakabana koo kabisa, dau linapanda mpaka nasimama mwenyewe chumbani. Imeuzwa! Mshindi ananiandikia hapo hapo: "Ile lenzi ya milimita 135 inayoonekana nyuma kwenye picha unaiuza? Ipandishe sasa hivi niilipie, utume mzigo mmoja." Naiuza ndugu yangu, kwa nini nisiiuze! Naipiga picha pande zote. Naandika kuna ukungu kidogo kwenye kioo cha nyuma, maana mimi si tapeli. Naandika pete ya fokasi inazunguka laini. Nabonyeza "Tangaza".

MAPUTO.

Skrini nzima maputo, wakuu. Ya kijani na ya njano, yanapanda taratibu kutoka chini, na katikati imeandikwa: "Hongera! Umefikia kikomo chako cha kuuza mwezi huu."

Hongera ya nini? Nimeoa? Mlango mmeufunga nyie, makofi mnanipigia mimi!

Kumbe muuzaji mpya anapewa vitu 10 kwa mwezi, na juu yake kuna kikomo cha jumla ya thamani, kinachotangulia ndicho kinachokunyonga. Kilichouzwa kinahesabika, kilicho hewani kinahesabika. Kikikaa wiki bila hata jicho moja kukitazama, ukakipandisha tena, kinahesabika upya. Ukichoka ukakiondoa mwenyewe, nafasi hairudi. Nina hakika hata ukikiota usiku kinahesabika.

Nikaomba waniongezee. Jibu limefika kidole bado kiko kwenye kitufe: "Tumepitia ombi lako kwa makini." Kwa makini! Aliyepitia ni nani, radi?

Mnunuzi naye anasubiri. Nikamweleza, akasema basi nikulipe pembeni. Hajamaliza sentensi, limetoka onyo jekundu kwenye meseji zetu: biashara nje ya mfumo itafungiwa akaunti. Yaani ndani hawataki niuze, nje hawataki niuze, halafu hela ya kamera wameishikilia mpaka mzigo ufike. Mnunuzi kaniandikia "pole", kaenda kununua lenzi kwa mtu mwingine. Lenzi ninayo hapa mezani inanitazama.

Na kuna makampuni yanapandisha vifuniko vya simu elfu kumi usiku mmoja. Yenyewe hayaoni hata puto moja.

Ila nisirefushe, kinachoniua ni yale maputo. Kuna binadamu aliamka, akaoga, akaenda kazini, wakaketi kikao wakapiga kura rangi ya puto la kumfungia mtu. Mtu huyo ana wazazi?

Shoka Butu

Mkuu povu lako limelowesha kioo cha simu yangu. Swali dogo: puto lilikuwa na kamba au halina?

Nyundo ya Mwisho

Lina kamba. Na kamba inatikisika.

Shoka Butu

Hapo sasa wamekukosea.

Binti Sanduku

Nakazia mleta mada. Mimi nafasi zangu 10 nilizimaliza kwa vitabu vya katuni, kitabu kimoja tangazo moja. Mwezi mzima nikakaa na sanduku lingine chini ya kitanda nalitazama tu. Siku hizi nafunga fungu: vitabu ishirini, picha moja ya pamoja, tangazo moja. Kikomo kinahesabu tangazo la fungu kama kitu kimoja. Wewe ungeweka kamera na lenzi pamoja tangu mwanzo, yangekwisha haya.

Nyundo ya Mwisho

Dada asante, ila mnunuzi wa fungu anataka bei ya bure. Na ushauri wako hauyaondoi maputo.

Dalali Mstaafu

Wacha nimwage maji hapa. Kikomo kipo kwa sababu ya matapeli. Mtu anafungua akaunti asubuhi, anapandisha simu mpya mia ambazo hazipo, anakusanya hela, jioni namba haipatikani. Wanunuzi wanadai, mnada ndio unarudisha fedha. Kwa hiyo mgeni anafungwa kamba fupi mpaka mizigo kadhaa ifike salama na maoni yawe mazuri, ndipo kamba inarefushwa, mara nyingi yenyewe bila kuomba. Kuzuia hela mpaka mzigo ufike ni ugonjwa huo huo, dawa hiyo hiyo.

Pili, kikomo cha thamani hakiangalii ulichouza tu. Kwa kilicho hewani kinaangalia bei UNAYOOMBA. Sasa mkuu, kwenye hivyo vitu vyako, kipi uliombea bei kubwa?

Nyundo ya Mwisho

Hilo halihusiani na mada.

Shoka Butu

Amekwepa hahahaha. Jibu swali baba.

jicho_la_pembeni

Msihangaike, nimeshafika dukani kwake. Kuna saa ya ukutani, haina mshale wa dakika, kioo kimepasuka pembeni, na kwa bei aliyoweka mtu anapata saa tano zinazotembea na mtu wa kumsomea saa ngapi. Hiyo saa peke yake imemeza kikomo cha thamani karibu chote. Wakuu, mwenzetu kajinyonga na saa.

Nyundo ya Mwisho

Ile ni ANTIKI. Wenye macho wataiona. Na wewe umefuata nini kwenye duka langu?

jicho_la_pembeni

Nilitaka kujua saa ngapi.

Kimya Kingi

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mzee wa Risiti

Vijana, msimcheke. eBay ilipoanza mwaka 1995, ikiitwa AuctionWeb, Pierre Omidyar aliuza kalamu ya leza iliyoharibika kwa dola 14.83. Akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama anaelewa ni mbovu. Akajibiwa kwamba anakusanya kalamu za leza zilizoharibika. Kwa hiyo saa isiyo na mshale ina mwenyewe, hajaiona tu. (Sisemi mleta mada anawasema hao, nasimulia tu historia.)

Shoka Butu

Shikamoo mzee. Ila kalamu iliuzwa dola 14. Huyu saa yake anataka anunulie gari.

Kimya Kingi

Hivi nyie mnalia na vitu 10, mnajua serikali nazo zimeweka kikomo? Kule Umoja wa Ulaya ukiuza vitu 30 kwa mwaka au zaidi ya euro 2,000 huruhusiwi tena mpaka usajili biashara. Mtu anauza nguo za mtoto aliyekua, anaitwa mfanyabiashara! Huo ndio uonevu wa kuanzishia uzi, siyo maputo.

Dalali Mstaafu

Umechanganya mafaili mkuu. Sheria hiyo inaitwa DAC7, ilianza kutumika Januari 2023, na haimzuii mtu kuuza. Ukifikisha mauzo 30, au ukipita euro 2,000 kwa mwaka, mnada unalazimika kupeleka taarifa zako kwa mamlaka ya kodi. Basi. Wewe unaendelea kuuza. Na kutajwa siyo kutozwa: koti ulilonunua ghali ukaliuza kwa hasara, kodi watakutoza kwenye faida gani?

Ubiashara ni swali jingine kabisa. Huko huko Ulaya, mnunuzi wa mtandaoni akinunua kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu. Akinunua kwa mtu binafsi hana haki hiyo. Ndiyo maana wenye maduka wanapenda kujibanza kwenye akaunti binafsi, na ndiyo maana minada inamkodolea macho binafsi anayepandisha viatu jozi arobaini, vyote vipya, vyote saizi tofauti.

Kimya Kingi

Sawa wakili. Ila mimi nilitishwa kwenye ujumbe wenye herufi nyekundu, nikafuta kila kitu usiku ule ule, mpaka kiti nilichokuwa nimekikalia.

Dalali Mstaafu

Hukusoma mpaka chini.

Kimya Kingi

Nani anasoma mpaka chini?

Nyundo ya Mwisho

Wakuu tunaacha mada. Mimi nimerushiwa MAPUTO. Nimerekodi video, yanachukua sekunde nne kupanda na huwezi kuyafunga, lazima uyatazame mpaka la mwisho litoke nje ya skrini.

Binti Sanduku

Maputo afadhali. Nyie hamjakutana na mshindi asiyelipa. Anapigana mnada mzima, anawatoa jasho wenzake, anashinda, kimya. Unamwandikia, kimya. Unangoja siku walizoweka wenyewe ndipo uruhusiwe kufuta mauzo. Na ile nafasi imeshahesabiwa kwenye kikomo chako! Nimepoteza nafasi mbili kwa mtu mmoja, tena jina lake la mtumiaji lina neno "mwaminifu".

jicho_la_pembeni

Mzuie dada. Kuna sehemu kwenye mipangilio unaandika jina, hawezi tena kuweka dau kwako.

Binti Sanduku

Nilimzuia. Akarudi na "mwaminifu2".

Shoka Butu

Huyo ni mwaminifu kwako kweli.

Mpima Boksi

Hodi humu. Mnalalamikia mambo ya skrini, mimi nina maiti halisi. Nimeuza kofia ya taa ya mezani, gramu 800. Nikaweka gharama ya kutuma kwa uzito wa gramu 800, na mnunuzi akalipa hiyo. Kufika kwa wasafirishaji, jamaa katoa futi, kapima boksi: sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Kazidisha, kagawa kwa 5,000 (kumbe wanatoza kwa ukubwa wa boksi, siyo uzito tu), kasema "kilo 19 na nukta mbili". Nikamwambia ndugu, iinue hiyo boksi kwa kidole kimoja. Akaiinua kwa kidole kimoja. Akasema "kilo 19 na nukta mbili".

Shoka Butu

Huyo jamaa nimempenda.

Mzee wa Risiti

Wengine wanagawa kwa 6,000 kijana. Hapo ungelipia kilo 16.

Mpima Boksi

Mzee, kofia ina gramu 800! Umenisogeza kutoka jehanamu ya kwanza kwenda ya pili.

Kimya Kingi

Kwa hiyo umesafirisha kilo 18 za hewa?

Mpima Boksi

Na hewa ilifika salama. Kofia ilifika imebonyea.

Nyundo ya Mwisho

Naona hakuna anayejali. Mods, badilisheni kichwa cha uzi muandike "Maboksi".

jicho_la_pembeni

Mkuu saa yako imepata mtu anayeifuatilia. Ni mimi, lakini imepata.

Binti Sanduku

@Mpima Boksi usitume kwenye boksi lililojaa hewa. Likate kona zote nne mpaka urefu wa kitu chenyewe, kunja mbawa zishuke juu yake, kisha funga. Mimi nimeshawahi kushusha boksi nusu nzima kwa kisu cha karatasi na rula.

Mpima Boksi

Asante dada, hilo nitalifanya. Sasa tepu gani? Hii yangu ya kahawia nikifunga jioni, asubuhi imebanduka yote.

Mzee wa Risiti

Tepu ya karatasi, ile ya kulowesha maji. Inashika kadibodi mpaka boksi lichanike kabla yake.

Shoka Butu

Mzee hiyo ya kulowesha inachafua meza nzima. Chukua ya plastiki pana, futa vumbi kwenye boksi kwanza, ndiyo shida yenu nyote.

Mzee wa Risiti

Vumbi lipi, boksi jipya linatoa wapi vumbi?

Dalali Mstaafu

Mzee kadibodi mpya ndiyo inayoongoza kwa vumbi, pitisha kidole uone.