Altrasaundi kando ya kitanda: kaunti inunue kwanza, au kuna ya muhimu zaidi?

MwanaKayole: Wiki iliyopita mdogo wangu aligongwa na gari akiwa kwa bodaboda, Barabara ya Jogoo. Alifika hospitalini presha imeshuka, midomo myeupe. Daktari wa nusukaputi akatoa kimashine kinachotoshea kiganjani, akampaka jeli tumboni, na kabla sijamaliza kuandikisha jina akasema kuna damu ndani, apelekwe kupasuliwa sasa hivi. Yuko hai. Mwaka juzi, hospitali nyingine, mamangu alizidiwa Ijumaa jioni tukaambiwa mtu wa picha anarudi Jumatatu. Sasa kaunti inapanga bajeti. Mashine hizi ziwekwe kwa kila ICU na kila chumba cha upasuaji kabla ya vitu vingine? Wanaojua, semeni.

MpigaPicha_Eastlands: Pole kwa mdogo wako, na Mungu amponye. Lakini usidhani huko ndiko kupigwa altrasaundi. Kwenye ajali wanaangalia mahali pane tu: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, chini nyuma ya kibofu, na kuuzunguka moyo. Wakiona weusi, ni majimaji. Utumbo uliotoboka unaweza kuwapita. Damu iliyojificha nyuma, karibu na uti wa mgongo, inawapita. Damu ikiwa kidogo, kama kikombe hivi, mara nyingi hawaioni. Mimi nimesomea picha na bado kuna siku nasita. Watu wa nusukaputi kazi yao ni kulaza watu. Wakae hapo.

NesiWaGanzi: "Kazi yao ni kulaza watu." Nimeisoma mara tatu. Ndugu, kumlaza mtu huchukua dakika moja. Kazi ni kumweka hai akiwa amelala na kumrudisha kwa watu wake. Umewahi kutafuta mshipa mkubwa wa shingo wa mtu aliyeishiwa damu? Zamani tulipapasa kwa vidole tukachoma tukiomba Mungu, na ukikosea sindano inaingia kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, au inatoboa pafu. Leo naweka kichwa cha mashine shingoni, nakandamiza kidogo: vena, mshipa ninaoutafuta, inalala, ateri inabaki duara, inadunda. Naiona sindano ikiingia. Uingereza waliupendekeza utaratibu huu tangu 2002. Halafu unaniambia nikae hapo!

BabaNeema: Dada, hasira za nini? Alichosema ni kweli. Nesi si daktari. Tusidanganyane.

NesiWaGanzi: Nimesema wapi kwamba mimi ni daktari? Nionyeshe mstari.

AfisaKliniki_Dandora: Baba Neema, heshima zako mzee. Toka nje ya Nairobi uende hospitali za kaunti ndogo. Mkeo akipelekwa kuzaa kwa kisu usiku wa manane, atakayemshika ni nesi wa ganzi au afisa wa kliniki wa ganzi. Bingwa yuko mbali. Tukikatazwa kushika mashine kwa sababu ya cheo, anayeumia ni mkeo. Mtu wa ajali hajui hata alikula lini, lakini naweka mashine chini ya kifua, naliangalia tumbo, naona chakula bado kimejaa. Hapo najua akilala anaweza kutapika kikaingia mapafuni, kwa hivyo namlaza kwa njia nyingine kabisa.

BabaNeema: Mke wangu ametoka wapi kwenye haya maneno? Mwacheni.

MamaTyra: Samahani nikiingilia. Mtoto wangu alikuwa ICU siku tisa na kila asubuhi walimpitishia hicho kitu kifuani. Hiyo mionzi yote si itamdhuru baadaye? Silali nikiwaza.

DktWaMahututi: Mama Tyra, lala. Altrasaundi haina mionzi, ni sauti isiyosikika na sikio. Yenye mionzi ni eksirei, na walimpima hivyo ili wapunguze eksirei.

Wengine nisikilizeni pia, maana kuna jambo mnalipita. Sauti haipenyi hewa. Kifuani hatulioni pafu lenyewe, tunaona utando wake ukiteleza kila mgonjwa anapovuta pumzi, kama siafu wanaopita kwenye mstari. Siafu wakisimama, tunaogopa kwamba hewa imevuja nje ya pafu. Lakini mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, utando unaweza kuwa umegandana, hautelezi tena. Nikiwa kijana kazini nilimwekea mgonjwa wa namna hiyo mrija kifuani. Hewa haikutoka hata kidogo. Nilimtoboa mtu bure kwa sababu niliamini picha na sikumuuliza historia yake. Mpaka leo naukumbuka uso wa binti yake. Nunueni mashine, ndiyo, lakini nunueni na mafunzo, na mtu wa kuzipitia picha zetu kila wiki na kutuambia tulipokosea.

MpigaPicha_Eastlands: Asante daktari. Ndicho nilichosema.

NesiWaGanzi: Sicho ulichosema. Ulisema tukae hapo.

MwanaKayole: Jamani, niliuliza kuhusu bajeti.

NesiWaGanzi: Nikujibu basi. Kwetu ilishanunuliwa. Iko kabatini, ufunguo anao mtu wa picha, na yeye huondoka saa kumi na moja jioni. Majeruhi wa bodaboda wanakuja saa nne usiku.

BabaNeema: Na akisoma vibaya saa nne usiku, mimi nimshtaki nani? Hilo hamjajibu.

MpigaPicha_Eastlands: Sijui unafanya kazi wapi, lakini hata kwetu ufunguo ninao mimi, na nitaeleza kwa nini. Mashine ya kwanza ilikaa wazi wodini. Asubuhi moja nikaikuta jeli imekaukia kwenye kichwa chake, kimepasuka, na kila picha ina mstari mweusi katikati. Niliuliza zamu nzima. Hakuna aliyeiangusha. Miezi minane tukakaa bila. Leteni daftari, kila anayeichukua aandike jina lake na saa, na ufunguo nitauacha kwa nesi wa zamu leo hii.