Napenda mavazi ya mtaani lakini joto linanimaliza. Nivae kitambaa gani?

Kijana_Ghorofa_ya_Tatu

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 23, naishi mjini, joto ni la mwaka mzima na hewa ina unyevu mwingi. Napenda fulana pana zinazoshuka mabega, suruali za mifuko mingi, raba na kapelo. Kila siku nafika kazini mgongo umelowa chapachapa.

Miezi minne iliyopita niliagiza fulana tatu nyeusi mtandaoni. Muuzaji aliziita "rafiki kwa mazingira". Ni nzito, zinakaa vizuri mwilini, na kifuani zina picha kubwa. Siku ya kwanza nilivaa moja nikaenda kumsaidia rafiki kuhama. Nilipoivua, pale penye picha palikuwa pamenigandia kama plasta, na ngozi ya chini imetoka vipele. Sasa nimeshazifua mara nyingi, lakini harufu ya kwapa haitoki. Ikianuliwa hainuki, nikipitisha pasi tu inaamka.

Sitaki kuzitupa, na sitaki kununua nyingine zikaishie kabatini. Nichague vipi? Na hizi tatu nizifanyeje? Mtindo wangu siuachi.

Fundi_Pindo

Mdogo wangu, kabla ya yote soma lebo ya ndani ubavuni, utuambie imeandikwa nini. Bila hiyo tutakuwa tunabahatisha.

Kijana_Ghorofa_ya_Tatu

Nimeangalia kaka. Polista 65%, pamba 35%. Uzito haujaandikwa.

Fundi_Pindo

Basi hapo pana mambo matatu, usiyachanganye.

La kwanza ni uzi wenyewe. Pamba ikikaa tu hewani hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, kitani hufika kama 12, polista, ambayo ni uzi wa plastiki, haifiki hata 1. Uzi wa polista haunywi jasho, ila mafuta ya mwili unayashika sana, na sabuni inahangaika kuyatoa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichukua fulana za watu 26 waliotoka kufanya mazoezi makali. Za polista zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wanaohusishwa na harufu hiyo walistawi zaidi kwenye polista. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hujui kufua.

La pili ni uzito. Fulana nyepesi ina gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba. Hizi nzito za kisasa huvuka 240. Hata ingekuwa pamba tupu, kwa joto lako hiyo ni nguo ya jioni.

La tatu ni picha. Wino mwingi wa kuchapia fulana ni wa plastiki, unaziba kitambaa kabisa. Picha ikienea kifua kizima, hapo pote hapapumui. Ndiyo vipele vyako. Ukitaka picha, tafuta ndogo, au ya wino wa maji unaozama ndani ya uzi. Ukiipapasa usiisikie.

Natembea_Kwa_Miguu

Fundi amesema kweli, ila pamba nayo isisifiwe kupita kiasi. Penye unyevu jasho halikauki haraka, na pamba ikishalowa inakaa imelowa, inanata. Mimi natembea karibu saa nzima kila asubuhi. Kwa mwendo huo polista nyembamba ya michezo, yenye vitundu, hukauka kabla pamba haijaanza. Harufu ndiyo kasoro yake, kwa hiyo naivua nikifika na kuisuuza siku hiyohiyo.

Ya kushinda nayo mchana kutwa ni kitani, au kitani kilichochanganywa na pamba.

Dada_Kitani

Nakuunga mkono hapo kwenye kitani. Watu wanakikwepa kwa sababu kinajikunja, lakini kwa mtindo wa mtaani mikunjo haina shida. Shati la kitani la mikono mifupi, pana, vifungo wazi, juu ya fulana ya ndani nyembamba ya pamba, na suruali pana ya kamba kiunoni. Umbo ni lilelile ulipendalo na upepo unapita.

Upana ndio wenye kazi kubwa. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho meusi ya Mabedui, wafugaji wa jangwani. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi kuliko jeupe, lakini kwa kuwa ni pana, joto hilo lilichukuliwa na hewa inayopita chini yake kabla ya kufika mwilini. Nyeusi yako unaweza kubaki nayo, mradi kitambaa kiwe chepesi na kisikuguse kila mahali. Pana na nzito ni sawa na kujifunika blanketi.

Na hilo neno "rafiki kwa mazingira" lisikupumbaze, yeyote anaweza kuliandika. Mara nyingi maana yake ni polista iliyotokana na chupa za plastiki, ambayo ukiifua bado inamwaga vinyuzi vya plastiki majini. Nembo ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, ina masharti: angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai. Vitambaa vinavyouzwa kwa jina la mianzi vingi ni viskosi, yaani mti uliosagwa na kuyeyushwa kwa kemikali kali. Ni laini kweli, lakini sifa ya kuwa safi kwa mazingira siikubali.

Kijana_Ghorofa_ya_Tatu

Nashukuruni sana. Nikiwa dukani nitapimaje, maana lebo nyingine zimekatwa?

Fundi_Pindo

Inua kitambaa kwenye mwanga, kisha kiweke mdomoni upulize. Pumzi isipotokea upande wa pili, kiache. Dondosha tone la maji upande wa ndani: likizama, kinakunywa, likisimama kama ushanga, kina polista nyingi. Ila pamba mpya iliyotiwa dawa kiwandani nayo hukataa maji mpaka ifuliwe, kwa hiyo usihukumu kwa tone peke yake.

Ukiwa nyumbani choma uzi mmoja. Pamba huwa jivu laini lenye harufu ya karatasi, polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Uzi huo uchomoe kwenye kitambaa chenyewe. Ule wa mshono mara nyingi ni polista hata nguo ikiwa pamba, na umewadanganya wengi.

Mtumba_Safi

Mimi nanunua mitumba tu. Fulana ya pamba iliyofuliwa miaka mitano na bado shingo haijalegea imeshajithibitisha. Kagua kwapa na ukosi, na uvute mshono wa begani. Saizi kubwa hupatikana kwa urahisi, maana wengi wanaziruka.

Kijana_Ghorofa_ya_Tatu

Zimebaki zile tatu, na suruali.

Fundi_Pindo

Zigeuze ndani nje, zilowe nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye siki nyeupe kidogo, uzisuuze, ndipo ufue kwa sabuni. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando. Anika kivulini. Harufu ikigoma, kata mikono, shusha tundu la kwapa sentimita nne, fumua mbavu chini sentimita kumi kila upande, upinde. Sehemu iliyokuwa inashika harufu inaondoka, na unapata kizibao cha kuvaa juu ya fulana nyembamba. Ile ambayo picha yake ilikutoa vipele, kata kipande cha picha ukishone kwenye mkoba.

Suruali ya mifuko mingi, hesabu tabaka: kila mfuko ni kitambaa cha pili juu ya paja. Chukua yenye mfuko mmoja kila upande. Jinzi nzito ya aunsi 14 (uzito wa kitambaa kwa yadi ya mraba) iache, zipo za aunsi 8, na macho hayaoni tofauti.

Kijana_Ghorofa_ya_Tatu

Nimerudi baada ya wiki mbili. Siki imesaidia fulana mbili, ya tatu nimeikata kama ulivyosema, kaka. Nimepata shati moja la kitani la mtumba, rangi ya udongo, limenipita saizi mbili. Jana nilifika kazini mgongo mkavu. Dada Kitani, hili linapigwa pasi likiwa bichi au kavu?

Dada_Kitani

Bichi kidogo, pasi ya moto, upande wa ndani. Au usipige kabisa: likung'ute kwa nguvu likitoka majini, ulitundike kwenye henga.