Naombeni ushauri: jenereta mbili kisiwani zinapigana, barafu inayeyuka

Kibarafu_Kome: Wakuu, habari za usiku. Nina mashine ya barafu hapa Kome, wateja wangu ni maboti ya sangara. Jenereta ya kVA 30 ilizidiwa, nikaongeza nyingine kama hiyo. Kila nikiziunganisha moja inanguruma, nyingine inapwaya, taa zinacheza, kisha breka inaruka. Niongeze ya tatu? Wiki ya pili sina usingizi.

MamaDagaa: Mwanangu, mimi barafu niliiacha, naanika dagaa Igombe. Jua halina breka.

Fundi_Nyakato: Ya tatu ya nini? Kabla ya kufunga swichi lazima vilingane volti, hezi (mara ngapi wimbi la umeme linarudia kwa sekunde), mpangilio wa fezi (zamu ya nyaya tatu za umeme), na mawimbi yapande na kushuka pamoja. Wewe unapimaje?

Kibarafu_Kome: Kwa sikio. Zikilia sauti moja nafunga.

Fundi_Nyakato: Mungu wangu. Ukifunga moja iko juu nyingine iko chini, shafti inaweza kukatika. Kuna kitu hujasema.

Kibarafu_Kome: Kuna sola pia. Ile inverta inayofuata umeme inaoukuta. Mchana kompresa ikizima ndipo breka huruka zaidi. Ila sola haina kosa wakuu, nimeikopea. Na ya tatu nimeshalipia nusu.

Mzee_Bwiru: Vijana mnakopa kabla ya kuuliza.

Ticha_Fizikia: Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa kitandani, aliona saa zake mbili za pendula zinakwenda kwa mwendo mmoja, ila moja ikienda kulia nyingine inakwenda kushoto. Zilining'inia kwenye boriti zilezile, na mtikisiko wake ndio uliozipatanisha. Jenereta zako nazo nyaya ndizo zinazozishikanisha.

Kirumba_Kwetu: Uzi wa kutunga huu. Mashine zinazogongana hivyo zingeshaungua zamani.

Kibarafu_Kome: Ndugu, mpira wa kapulingi, kiungo cha injini na jenereta, ninao mkononi sasa hivi. Meno mawili yameng'oka, unanuka tairi lililoungua. Panda kivuko Nyakaliro uje uone.

Fundi_Nyakato: Mimi namwamini. Sikiliza, ila mwite fundi mwenye leseni. Sola izimwe kwanza: mzigo ukishuka, umeme wake unazisukuma jenereta. Kisha funga balbu kuvuka swichi iliyo wazi, mbili mfululizo kila fezi, maana volti hapo hufika 460. Zikipokezana kuwaka, fezi zimepishana: zima mashine, badilishana nyaya mbili za fezi za jenereta moja. Zikiwaka na kuzimika pamoja, rekebisha kasi hadi zifanye hivyo polepole, ufunge zikiwa giza. Gavana zote mbili, yaani vidhibiti vya kasi ya injini, zikae hezi 52 bila mzigo, zishuke hadi 50 mzigo ukijaa. Ukizilazimisha zote zishike 50 kamili, hapo ndipo zinagombania mzigo.

MamaDagaa: Na ile ya tatu?

Kibarafu_Kome: Muuzaji hataki kurudisha pesa, inavuka Jumatano. Lakini asubuhi nazima sola. Balbu sita ninazo.