Nimeapgredi kwenda Windows 11, antivairasi imegoma: nibaki na Defender (ile inayokuja na Windows) au nilipie nyingine?

MamaTaipu, Wandegeya:
Jamani habari zenu. Nina kaduka ka kutaipu na fotokopi, laptopu ni i5 ya kizazi cha 8, ram 8. Vile Windows 10 ilikatiwa saporti tarehe 14 Oktoba 2025 nikaona niapgredi tu, nikaiacha usiku kucha, asubuhi mafaili yote yapo ila antivairasi niliyolipia (jina naliacha) haifunguki, ukibonyeza kinazunguka kidogo halafu kimya. Kibaya zaidi Defender nayo imezimwa, inasema kuna antivairasi nyingine inayolinda! Sasa analinda nani? Na mimi saa mbili asubuhi wanafunzi wa Makerere wameshapanga laini na flashi zao, jana mmoja kachomeka yake folda zote zikawa shotikati. Nibaki na Defender, ninunue mpya, au nirudi Windows 10?

fundi_arua:
Pole dada. Hiyo antivairasi imekufa lakini haijazikwa. Antivairasi sio kama Word, ina draiva zinazokaa chini kabisa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, mfumo ukibadilika draiva ya zamani inakataliwa, ila jina lake bado limeandikishwa kwa Windows, kwa hiyo Defender inaona mwenye nyumba yupo inakaa pembeni. Usihangaike kuchagua kabla hujaitoa. Na usitosheke na kuanistoli kwenye Settings, tumia kifutio cha kampuni yenyewe: ESET wana ESET Uninstaller unaiendesha ukiwa sefu modi, Kaspersky wana kavremover, Avast wana Avast Clear. Kisha ristati. Defender itaamka yenyewe.

busia_tek:
Akishaitoa abaki na Defender bana, yanini kulipa? Inakuja na Windows, apdeti zake zinapita humo humo, haikuulizi leseni. Ila dada uwashe Controlled Folder Access, hiyo huwa imezimwa toka mwanzo, inazuia programu usiyoijua isiguse folda za kazi. Ikizuia programu yako halali unairuhusu basi.

mzee_wa_ofisi, Mbarara:
Natofautiana kidogo na kijana. Kwa laptopu moja sawa, ila mimi nina mashine 12, ya kulipia inanionyesha zote kwenye skrini moja, ipi haijaapdeti, nani kachomeka nini. Halafu mama, usikimbilie kununua mpya, leseni nyingi ni za muda sio za toleo. Ukishafuta ya zamani ingia tovuti yao rasmi, pakua toleo jipya, weka namba ile ile. Ile CD ya kwenye boksi ndiyo imezeeka, sio leseni. Na haya hayajaanza leo, Januari 2018 wakati wa viraka vya Meltdown, ile kasoro ya usalama ya prosesa, baadhi ya antivairasi zilikuwa zinaleta skrini ya bluu, mpaka Microsoft wakazuia apdeti kwa kila mashine ambayo antivairasi yake haijaweka alama kwenye rejista ya Windows kwamba iko tayari.

busia_tek:
Mzee ukianza historia hatulali 😂

nyabo_jinja:
Kuhusu kurudi 10, una siku 10 tu tangu uapgredi, na ukifuta folda ya Windows.old hata hizo huna. Ukirudi huko utategemea ESU (apdeti za usalama za muda wa ziada), ambayo kwa watu binafsi inaishia Oktoba 2026, mimi sioni faida. Na hizo flashi usidabo-kliki shotikati hata moja! Mafaili yapo, yamefichwa tu. Skani flashi kwanza, halafu fungua cmd uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi, angalia yako), yatatokea.

fundi_arua:
👆 Na usiweke antivairasi mbili zote zikiskani live, zitagombania faili moja laptopu ibaki inahema.

MamaTaipu, Wandegeya:
Asanteni sana. Nimetumia kifutio, nikaristati, Defender ikawaka bila kuiambia. Tena kule Core Isolation kwenye Windows Security, Memory Integrity (kinga ya kerneli) ilikuwa inakataa kuwaka, nikafungua orodha nikakuta faili moja tu linaloishia na .sys, la antivairasi ile ile! Sasa halipo, imewaka. Leseni bado ina miezi minne kwa hiyo wikendi nitapakua toleo jipya nijaribu kama mzee alivyosema, ikileta makuu naitoa nabaki na ya bure. Yule kijana wa shotikati amerudi leo, nimeskani flashi yake kabla ya kufungua, zimekamatwa vairasi tatu, namwonyesha wala hashtuki, ananiuliza kuprinti rangi ni shilingi ngapi.